Mficha Maradhi na Waliomfundisha Kuficha

Tarehe 10 Oktoba 1926, katika uwanja wa Yankee Stadium jijini New York, fainali za besiboli za Marekani, zinazojulikana kama World Series, zilifikia mchezo wa saba, mchezo wa kuamua. St. Louis Cardinals walikuwa mbele kwa alama 3 dhidi ya 2, lakini katika kipindi cha saba New York Yankees walijaza wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu, na pigo moja safi lingeyapindua mambo. Hapo ndipo alipoitwa Grover Cleveland Alexander, mrushaji wa miaka 39, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amerusha mchezo mzima na kushinda. Aliyemkabili ni Tony Lazzeri, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Alexander alimtoa, akawazuia Yankees hadi mwisho wa mchezo, na Cardinals wakatwaa World Series kwa mara ya kwanza. Maelfu waliokuwa uwanjani waliona mkongwe akimshinda kijana. Wasichokiona ni kwamba wanaume hao wawili, waliotenganishwa na umbali wa mita kumi na nane tu, wote waliishi na kifafa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humwonya mgonjwa, na ni kweli kwamba historia ya besiboli imejaa watu wa vipaji adimu waliobeba ulevi, uraibu, hofu na maradhi ya ubongo kwa siri, hadi siri hiyo ikawaangusha. Lakini ukifuatilia habari zao kwa karne nzima utaona kwamba onyo la methali limemfikia mmoja tu kati ya wahusika wawili: mgonjwa, si wale waliomfundisha kuficha. Mtu hafichi maradhi bila sababu. Huficha kwa kuwa amekwisha kuona yaliyowapata wenzake waliojitokeza: kuachwa, kuchekwa, kufungiwa. Hoja yangu ni kwamba jambo lililoamua hatima ya wachezaji hawa, kuliko ukubwa wa kipaji na hata kuliko uimara wa nia, ni gharama waliyotozwa kwa kusema ukweli. Pale ambapo ukweli uligharimu kazi, walificha na wakaangamia. Pale ambapo ukweli ulifungua mlango wa tiba, wengi walisimama tena, na kipaji chao kikaendelea kuzaa matunda.

Tuanze na Alexander mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1887 huko Nebraska, jimbo la wakulima. Katika msimu wake wa kwanza na Philadelphia Phillies, mwaka 1911, alishinda michezo 28. Kuanzia 1915 hadi 1917 alishinda michezo 30 au zaidi kila msimu, na mwaka 1916 alimaliza michezo 16 bila wapinzani kupata hata alama moja, idadi ambayo hakuna mrushaji aliyewahi kuipita. Kisha vikaja vita. Phillies, wakijua kwamba angeweza kuitwa jeshini wakati wowote, walimuuza kwa Chicago Cubs mwishoni mwa 1917, na mwaka uliofuata akapelekwa Ufaransa na kikosi cha mizinga. Alirudi akiwa amepoteza usikivu wa sikio moja, mkono wa kurushia umeumia, na kifafa kimemshika. Pombe aliyokuwa akiinywa tangu zamani sasa ikawa kimbilio lake. Hata hivyo mwaka 1920 alishinda michezo 27 na kuongoza ligi yake, jambo linaloonyesha ni kipaji cha aina gani kilichokuwa kikipambana na mzigo ule.

Katika Marekani ya miaka ile kifafa kilikuwa aibu kubwa kuliko ulevi. Majimbo kadhaa yalikuwa na sheria za kuwazuia wenye kifafa kufunga ndoa, na mengine yaliruhusu wafungwe uzazi bila ridhaa yao. Mlevi alihesabiwa kuwa mtu mwenye kasoro, lakini mwenye kifafa alitazamwa kama hatari kwa kizazi. Katika mazingira hayo, mchezaji aliyeyumba au kuanguka alikuwa na kila sababu ya kuwaacha watu waamini kwamba amelewa. Cubs walimwachilia katikati ya msimu wa 1926 kwa sababu ya unywaji na utovu wa nidhamu, na Cardinals walipomchukua wakapata mtu aliyewapa ubingwa. Alipostaafu mwaka 1930 alikuwa na ushindi wa michezo 373, sawa na mrushaji Christy Mathewson, na mwaka 1938 alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Lakini heshima haikuwa mshahara. Zilifika siku ambapo alijipatia riziki kwa kusimulia mchezo wa 1926 mbele ya wateja wa ukumbi wa maonyesho jijini New York, mahali palipojulikana kwa sarakasi ya viroboto. Alifariki mwaka 1950. Miaka miwili baadaye ilitoka filamu ya maisha yake, Ronald Reagan akiigiza nafasi yake, na hata humo ugonjwa wake haukutajwa kwa jina. Aibu ilimwandama hadi ng'ambo ya kaburi.

Haifai kudhani kwamba kila mzigo wa mchezaji ulianzia ndani ya mwili wake. Josh Gibson, mshika mipira na mpigaji wa kutisha wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, alizaliwa Mmarekani mweusi katika enzi ambayo ligi kuu zilikuwa zimewafungia weusi mlango. Mwaka 1930 mkewe kijana alifariki akijifungua watoto pacha. Mwaka 1943 alipoteza fahamu, akaonekana kuwa na uvimbe kwenye ubongo, akakataa kupasuliwa. Aliendelea kucheza huku akinywa na kudhoofika, akafariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, chini ya miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuvunja ubaguzi huo. Mwaka 2024, takwimu za ligi za weusi zilipoingizwa rasmi katika kumbukumbu za ligi kuu, Gibson alitambuliwa kuwa na wastani bora wa upigaji katika historia yote, .372. Anayesema kwamba Gibson aliangushwa na tabia yake amesahau kuuliza mtu kama huyo angemweleza nani shida zake, na angekwenda kucheza wapi iwapo ligi yake ingemtupa.

Mchezaji aliyeuvunja ukimya huu ni Don Newcombe, naye alitokea katika ligi hizohizo za weusi. Alikuwa mrushaji wa Newark Eagles, kisha akawa miongoni mwa weusi wa kwanza kuchezea Brooklyn Dodgers, na mwaka 1949 akatwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Mwaka 1956 alishinda michezo 27 na kupoteza 7, akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora, na papo hapo akawa mchezaji bora wa ligi yake. Lakini katika fainali za mwaka huohuo Yankees walimpiga vibaya, Yogi Berra akipata mipigo miwili ya kutoa mpira nje ya uwanja katika mchezo wa saba, na watu wakamwita mwoga. Newcombe hakuwahi kushinda hata mchezo mmoja wa fainali, na lawama hizo alizizamisha kwenye pombe. Kufikia 1960, akiwa na miaka 34 tu, ligi kuu ilikuwa imemalizana naye. Alijaribu bahati Japani mwaka 1962, akarudi, akafilisika, akaiweka rehani hata pete yake ya ubingwa wa 1955. Mwaka 1966 mkewe alitishia kumwacha, naye akaapa kutoonja tena. Alikitimiza kiapo hicho hadi alipofariki mwaka 2019 akiwa na miaka 92.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza na zito linapoinuka. Newcombe aliacha kwa nia yake mwenyewe, bila kituo cha tiba wala daktari wa klabu. Je, hilo halithibitishi kwamba jambo la msingi ni uamuzi wa mtu binafsi, na kwamba kuzungumzia mazingira ni kumtafutia mlevi udhuru? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na hakuna tiba duniani inayofaulu bila mgonjwa kukubali. Lakini tazama lini uamuzi wa Newcombe ulikuja: miaka sita baada ya kazi yake ya ligi kuu kwisha. Nia iliokoa maisha yake na ndoa yake, haikuokoa mkono wake wa kurushia. Yeye mwenyewe aliamini kwamba pombe ilimfupishia safari uwanjani. Wakati wa enzi yake, klabu haikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza mrushaji wake anakunywa kiasi gani. Nia ya mtu ni sharti la lazima, lakini haitoshi, na huchelewa mno pale inapoachwa peke yake. Newcombe alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana Dodgers walipompa kazi ya uhusiano wa jamii mwaka 1970, aliigeuza kuwa utumishi wa kuwatafuta wachezaji wenzake waliokuwa wakizama, akiwemo Maury Wills, ambaye alimshukuru hadharani kwa kumwokoa.

Tunda kubwa la utumishi huo lilikuwa Bob Welch, mrushaji wa Dodgers. Mnamo Oktoba 1978, akiwa na miaka 21, Welch aliingizwa mwishoni mwa mchezo wa pili wa World Series, Dodgers wakiwa mbele kwa alama moja na wakimbiaji wawili wa Yankees wakiwa vituoni. Mbele yake alikuwa Reggie Jackson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote kwenye fainali. Welch alimrushia mipira tisa na kumtoa, na usiku mmoja ukamfanya nyota. Tayari alikuwa mlevi. Mwaka 1979 alifika uwanjani San Francisco akiwa amelewa kiasi cha kutaka kupigana na wapinzani. Mwaka wa 1926 mtu kama huyo angeuzwa. Mwaka wa 1980 Dodgers walimweka mbele ya Newcombe, mtu aliyeweza kumwambia yote kwa sababu yote yalimpata, kisha wakampeleka kwenye kituo cha tiba huko Arizona. Alitoka, na katika msimu huohuo akachaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Miaka kumi baadaye, akiwa na Oakland, alishinda michezo 27 na kupoteza 6 na kutwaa tuzo ya Cy Young. Tangu hapo hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyefikisha ushindi 27 katika msimu mmoja. Idadi hiyo ni ileile aliyofikisha Newcombe mwaka 1956. Tofauti ni kwamba ya Newcombe ilikuwa kilele kabla ya maporomoko, na ya Welch ilikuja baada ya miaka kumi ya kazi iliyowezekana kwa sababu mtu aliambiwa ukweli akiwa bado na mkono wenye nguvu.

Mpinzani wa pili atamtaja Steve Howe, naye ana haki ya kumtaja. Howe alikuwa na Welch katika klabu ileile. Alikuwa chipukizi bora wa 1980, na alifunga mchezo wa mwisho wa ubingwa wa Dodgers mwaka 1981. Alipelekwa kwenye tiba mara kadhaa kwa ajili ya kokeni. Alifungiwa msimu mzima wa 1984, akafungiwa tena na tena hadi mara saba, na mwaka 2006 akafa katika ajali ya gari huko California akiwa na dawa za kulevya mwilini. Je, huyu hakupewa nafasi nyingi kuliko wengine wote? Alipewa, lakini inabidi kuchunguza zilikuwa nafasi za namna gani. Miaka ya 1980 besiboli iliingiwa na hofu kuu: Septemba 1985, mahakamani Pittsburgh, wachezaji mmoja baada ya mwingine walikiri kutumia kokeni katika kesi ya wauzaji, na mwaka uliofuata kamishna Peter Ueberroth akawaadhibu wachezaji 11. Uraibu ulisomwa kwanza kama kosa. Howe alipofungiwa maisha mwaka 1992, msuluhishi George Nicolau alitengua adhabu hiyo, akieleza kwamba daktari alikuwa ameshauri Howe apimwe kila baada ya siku moja, mwaka mzima, na kwamba ushauri huo haukufuatwa. Alihitaji uangalizi, akapewa hukumu. Alirudi mwaka 1993, na mwaka 1994 alikuwa mrushaji mahiri tena wa Yankees. Sisemi kwamba uangalizi ungemwokoa bila shaka. Uraibu huua hata waliotibiwa vizuri. Nasema kwamba mfano wa Howe hauwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba tiba ilijaribiwa kikamilifu ikashindwa.

Tena yapo maradhi ambayo hata mgonjwa mwenyewe hajui jina lake, na hapo kuzungumzia nia hakuna maana yoyote. Jim Eisenreich, mzaliwa wa Minnesota, aliingia Minnesota Twins mwaka 1982 akiwa na mwili uliotetemeka na misuli iliyoruka bila kuagizwa. Huko Boston watazamaji walimzomea kwa kutetemeka kwake. Madaktari walibishana: wengine walisema ni woga wa kutazamwa na watu, wengine ugonjwa wa Tourette, unaotokana na mfumo wa neva. Mwaka 1984 aliacha mchezo. Utambuzi wa Tourette ulipokubalika na dawa sahihi kupatikana, Kansas City Royals walimchukua kwa dola moja tu. Alirudi mwaka 1987, akacheza zaidi ya miaka kumi, mwaka 1996 akapiga kwa wastani wa .361 na Philadelphia, na mwaka 1997 akawa bingwa na Florida Marlins. Mtu aliyezomewa kuwa mwoga alikuwa ameonyesha ushujaa tangu siku ya kwanza alipotoka kwenda kusimama mbele ya umati ule.

Dola hiyo moja inajibu pingamizi la tatu, lile la wenye klabu: kwamba klabu ni biashara wala si hospitali, na haiwezi kubeba kila mgonjwa. Hesabu ya kibiashara yenyewe inawapinga. Cubs walimwacha Alexander aende, na aliyepokea faida ni mwingine. Royals walimpata Eisenreich kwa thamani ya soda. Royals haohao, mwaka 2006, walikuwa na mrushaji kijana Zack Greinke, aliyetaka kuacha besiboli kwa sababu ya hofu ya watu na huzuni nzito. Walimruhusu aondoke kambini, atibiwe, arudi kupitia ligi ndogo bila kuharakishwa. Mwaka 2009 alitwaa tuzo ya Cy Young, na kazi yake ilidumu hadi 2023 akiwa na ushindi wa michezo 225. Ni kweli kwamba si kila anayesubiriwa atakuwa Greinke. Lakini hakuna klabu inayoweza kujua mapema nani atakuwa, na miezi michache ya subira ni bei ndogo kuliko miaka kumi na saba ya mkono kama ule.

Kuna imani nyingine inayopendwa na watu, kwamba mateso ndiyo yanayozaa ukuu, na kwamba ukimponya mwenye kipaji unamnyang'anya moto wake. Kumbukumbu za mchezo zinakanusha. Misimu mitatu mikubwa kuliko yote ya Alexander ilikuja kabla ya vita na kifafa. Msimu mkubwa wa Welch ulikuja baada ya kuacha pombe. Dwight Gooden wa New York Mets alikuwa na miaka 20 tu mwaka 1985 aliposhinda michezo 24 na kupoteza 4, na kokeni iliyojitokeza kwenye vipimo vyake mwaka 1987 haikumwongezea chochote. Ilimpunguzia, hadi akafungiwa msimu mzima wa 1995, na hakuufikia tena ubora wa ujana wake. Mateso hayakuwajenga watu hawa. Walikuwa wakubwa licha ya mateso, kwa muda ambao nguvu zao ziliweza kuyastahimili.

Mwelekeo wa miaka ya karibuni unaunga mkono hoja hii. Oktoba 2015 CC Sabathia, mrushaji mkongwe wa Yankees, alitangaza kwamba anaingia kwenye tiba ya ulevi, siku moja kabla ya mchezo wa mtoano wa timu yake. Zamani hilo lingeitwa usaliti. Safari hii klabu ilisimama naye hadharani, akarudi, mwaka 2019 akafikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa mirusho yake pekee, na mwaka 2025 akaingia Ukumbi wa Mashujaa. Lakini mwaka uleule wa 2019, Tyler Skaggs wa Los Angeles Angels alikutwa amekufa hotelini, mwilini mwake mkiwa na pombe na dawa kali za maumivu, na mfanyakazi wa klabu aliyempa vidonge alihukumiwa kifungo baadaye. Mwezi Desemba ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba anayekutwa na dawa za jamii hiyo apelekwe kwanza kwenye tathmini na tiba, na adhabu imfikie tu akikataa kushirikiana. Kanuni hiyo ilipaswa kuwepo enzi za Howe, na imelipiwa kwa maisha ya kijana wa miaka 27.

Kwa hiyo methali ya wahenga ibaki, kwa maana bado ina onyo la kweli kwa mgonjwa. Lakini onyo hilo lifike pia kwenye meza ya kocha, mwenye klabu, daktari na mtazamaji anayezomea. Wao ndio wanaopanga bei ya ukweli, na kwa karne nzima wachezaji wamefanya hesabu kulingana na bei hiyo. Mahali popote watu wanapofanya kazi kwa vipaji vyao, iwe uwanjani, jukwaani au darasani, anayetaka kipaji kidumu ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtu akisema "naumwa" hapotezi riziki yake kwa kusema hivyo.